Wageni Waliofunikwa Kanga

Walimu wenzangu mnaobaki, darasa langu sasa ni lenu, na kabati lake pia. Nianze na kabati, maana najua litawasumbua mapema. Ile droo pana ya chini hukwama. Msiivute kwa nguvu. Iinueni kidogo upande wa kushoto, kisha ivuteni polepole. Kilichomo nitakieleza nikifika mahali pake. Karibu kila nilichojifunza katika kazi hii kimo mle, na nataka mkifikie kwa njia ile ile niliyopita mimi.

Hamtasoma humu habari za vyeo. Nilipata nilivyopata, na kimoja kilikuja na kiti cha kuzunguka kilichoniumiza mgongo mpaka nikakirudisha. Nataka kuandika juu ya kufundisha historia ya sanaa, hasa ile sehemu ambayo wanafunzi huiogopa kwa jina lake tu: Uingereza wakati wa Renesansi, na wale wanazuoni walioitwa wahumanisti.

Siku yangu ya kwanza shuleni hapa Maskati, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, nilifika na viatu vipya na hotuba ndefu niliyoiandika kwa mkono. Niliifanyia mazoezi mbele ya kioo nyumbani. Mkuu wa idara alikuwa Bi Zuwena, mtu wa Unguja kama wazazi wangu, mwenye miwani miwili iliyoning'inia kifuani, mmoja wa kusomea na mwingine, akisema mwenyewe, wa kuwaonea watu. Alinisikiliza nikimsomea hotuba yangu katika darasa tupu. Nilipofika ukurasa wa tatu aliinua mkono.

"Kaa kitako, mwanangu," akasema. "Maneno yako mazuri. Ila watoto hawajaona kitu bado. Unapakua, na sufuria hujaiteleka?"

Akafunga mapazia, akawasha ile projekta ya slaidi iliyounguruma na kunuka vumbi la moto, akaniambia nitazame na ninyamaze. Ukutani wakatokea watu.

Ulikuwa mchoro wa mistari ya wino, bila rangi. Familia moja ya London, karibu miaka mia tano iliyopita, imekusanyika katika chumba cha nyumba yao. Katikati amekaa mwenye nyumba, mwanasheria na mwanazuoni, na pembeni yake baba yake mzee. Msichana aliyelelewa mle ndani anamwinamia mzee yule, anamwonyesha mstari kwenye kitabu. Binti mwingine amesimama na kitabu kwapani, anavaa glavu. Mabinti wawili wameketi chini kabisa, na mmoja ana kitabu wazi mapajani. Kulia, mke wa nyumba amepiga magoti mbele ya kitabu chake, na karibu na gauni lake yupo kima. Vitabu viko dirishani, vitabu viko sakafuni. Mchoraji alikuwa mgeni kutoka nchi za Wajerumani, aliyekuja kutafuta kazi.

Sijui nilitazama kwa muda gani. Nakumbuka nilisahau kuwa niko kazini. Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi juu ya uhumanisti, jinsi wasomi wale walivyorudia vitabu vya Wayunani na Warumi, wakaamini kwamba mtu akifundishwa lugha, historia, ushairi na kusema kwa ufasaha atakuwa mtu bora. Yote hayo niliyajua kwa kichwa. Siku ile niliyaona yamekaa chumbani. Elimu imeingia nyumbani kwa watu, ikashuka mpaka sakafuni, ikatua mapajani mwa msichana. Na mchoraji akaona kwamba hilo linastahili kuchorwa kama zamani walivyochorwa watakatifu. Mwili ulinisisimka, na nawaambia kweli, mpaka mwaka huu wa mwisho ulikuwa ukinisisimka kila nilipoiwasha picha ile.

"Picha ya rangi iliyotokana na mchoro huu iliungua," Bi Zuwena akasema gizani. "Umebaki huu wa matayarisho. Sasa hotuba yako ifupishe."

Yeye ndiye aliyenifundisha karatasi ya tundu. Ni karatasi nene iliyokatwa tundu la ukubwa wa kiganja, unaiweka juu ya picha, mwanafunzi anaona mkono tu, au ukingo wa nguo, au jicho. Anasema anachokiona, na mwalimu hana ruhusa ya kumsaidia. Hapo ndipo penye kazi. Mwalimu kunyamaza huku anajua jibu ni sawa na kushika pilipili kwa ulimi. Mtaziona karatasi hizo kwenye droo ya juu, zimechakaa pembe, na msizibadilishe kwa zile za plastiki.

Akanifundisha pia kutafsiri kwenda na kurudi. Mwalimu mmoja wa Uingereza wa zama zile, aliyepata kumsomesha binti wa mfalme, alikuwa akimpa mwanafunzi kipande cha Kilatini akigeuze Kiingereza, kisha anamnyang'anya kitabu, na baada ya muda anamtaka akirudishe Kilatini mwenyewe. Halafu wanakaa pamoja, wanalinganisha kazi ya mtoto na kitabu, bila bakora. Sisi tulifanya hivyo kwa Kiingereza na Kiswahili cha nyumbani, na waliotaka wakapitia Kiarabu. Wasichana walicheka sana. Lakini waliporudisha maneno yao kwenye Kiingereza walikuwa wameshayaelewa kiasi cha kubishana na mwandishi.

Suala la bakora lilikuwa likiwagusa kuliko yote. Niliwasomesha kwamba wanazuoni wale waliulizana kwa dhati, tena mezani wakila, kama mtoto hujifunza kwa kupendwa au kwa kuogopa, kwa sababu shule za siku zile zilikuwa za fimbo na watoto walikuwa wakizitoroka. Kila mwaka yupo mwanafunzi aliyekwenda nyumbani kumuuliza babu yake habari za chuo cha Kurani alichosomea Unguja, na kila mwaka babu fulani alinipigia simu. Wengine walishukuru. Mmoja alitaka kujua nani kamruhusu Mzungu kumsema maalimu wake.

Sasa niwape kesi ngumu kuliko zote. Ilitokea miaka ile simu za mkononi zilipoanza kujua kila kitu. Nilikuwa na mwanafunzi aitwaye Thuraya, msichana mrefu, mpole, ambaye ukimpa karatasi ya tundu husahau kula. Alitaka kusomea uhifadhi wa majengo ya kale, aje azitengeneze nyumba za udongo za mji wa babu zake kule milimani, zinazoanguka moja moja kila mvua ikinyesha. Alikuwa amekubaliwa chuo kikuu huko Uingereza kwa sharti la kufaulu mtihani wa somo langu. Hakukuwa na njia nyingine mwaka ule. Na mtihani ukiwa umekaribia, baba yake akaja kumtoa katika somo hilo.

Baba yake, Mohammed, alikuwa mhandisi wa serikali, mtu wa heshima zake. Hakupandisha sauti hata mara moja, na hilo lilinitia hofu zaidi.

"Ustadha Salma," akasema, "mimi sikatai elimu. Mimi mwenyewe nimesoma. Lakini hawa wahumanisti nimesoma habari zao. Wamemuweka binadamu pahala pa Mwenyezi Mungu. Mwanangu atahiniwe katika hayo? La. Khalas."

Nilimweleza kwamba alichosoma kinahusu watu wa leo wanaojiita kwa jina hilo. Hawa wa kale walikuwa watu wa dini, wakifunga na kusali kwa dini yao, na baadhi ya vitabu walivyovipenda vilikuwa vimepitia Baghdad kabla ya kufika kwao. Akanisikiliza kwa adabu, akashukuru, akasema uamuzi wake ni ule ule. Mwalimu mkuu akaniambia mzazi ndiye mwenye neno la mwisho. Thuraya alikuwa amekaa nje ya ofisi, mikono imelala mapajani, haina kitu. Nilipomwona hivyo nilijua sitalala vizuri, nikaomba ruhusa ya kwenda kwao.

Kwao ni Mabela, katika njia za nyumba mpya zinazofanana mpaka nikapiga hodi kwa jirani kwanza. Nilichukua nakala kubwa ya mchoro ule, iliyobandikwa juu ya ubao mwembamba, mpana kama sinia ya pilau. Nilipokewa na Bi Asha, mama yake Mohammed, aliyemlea Thuraya tangu mama yake alipofariki. Alikuwa mzee wa magoti mabovu na sauti nzima. Tukakaa pamoja na Mohammed na Thuraya, ikaletwa halua na kahawa, tukaulizana hali na jamaa, nani kaoa na nani kazikwa, kama ilivyo ada. Kisha nikasema kilichonileta, nikaiegemeza picha juu ya kiti, ukutani mwa sebule, pale penye mwanga mzuri.

Sikuuliza ukuta ule unaelekea wapi. Mzungu angeuliza, kwa woga wa kukosea. Mimi niliyezaliwa katika mila hizi, niliyekatazwa tangu utotoni kutundika picha za watu mbele ya mwenye kusali, nilijiona nipo kwetu na sikufikiri kabisa. Kabla sijafungua mdomo kueleza, adhana ya magharibi ikasikika.

Mohammed alisimama aende msikitini. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akamgeukia mama yake.

"Mama, unaona mwenyewe," akasema taratibu. "Washakaa kibla."

Akatoka. Nilitamani sakafu inimeze. Nilikuja kumwokoa mtoto, na nimemtilia baba yake muhuri kwenye hoja yake. Thuraya aliinamisha kichwa. Nikanyoosha mkono niitoe picha, lakini Bi Asha alishainuka. Akavua kanga mabegani mwake, akaifunika ile familia yote ya Kiingereza, akaiweka sawa pembeni kama anayemfunika mtoto.

"Watustahamilie, wageni," akasema. "Kwanza tusali."

Tukasali sisi watatu, Bi Asha juu ya kiti chake kwa ajili ya magoti. Alipomaliza tasbihi yake hakuhama pale. Alikivuta kiti mpaka kwenye picha, akaishika pembe moja ya kanga, ya kulia, iliyokuwa karibu na mkono wake, akaiinua kidogo. Lile lilikuwa tundu la Bi Zuwena. Nikajilazimisha kunyamaza.

"Huyu kapiga magoti," akasema. "Na kitabu mbele yake. Anasali huyu?"

"Ni kitabu cha sala, bibi," Thuraya akajibu.

Akaiinua zaidi. "Na hawa watoto wa kike wamekaa chini. Na wao vitabu. Na bwana huyu. Na kizee chake." Akaivuta kanga yote, akaishika kifuani, akatazama kwa muda mrefu. "Kumbe wanangojana. Wanataka kusali hawa."

Nikamwambia wapo wataalamu wanaodhani hivyo hivyo, kwamba familia ile imekusanyika kwa sala ya pamoja nyumbani. Hakushangazwa na wataalamu. Alikuwa amerudi kwa yule mke wa nyumba.

"Mbona peke yake kapiga magoti na wenzake wamekaa? Mtu mzima huyu. Nnayajua magoti ya makamo hayo."

Thuraya akapiga hatua, akaweka kidole karibu na mama yule bila kugusa. "Bibi, tazama hapa. Pana maneno madogo. Yanasema, huyu atakaa. Kwenye picha ya rangi wampe kiti."

Bi Asha akacheka, akapiga mkono wa kiti chake mwenyewe. "Alhamdulillahi," akasema. "Wamempa kiti. Na kima huyu naye?"

"Kima wa nyumbani, bibi."

"Hata yeye katulia."

Nilimtazama mwanamke yule, aliyezaliwa Unguja na kuzeekea Maskati, akimhurumia mwanamke wa London kwa magoti yake. Katikati yao pana bahari mbili na miaka isiyosemeka. Kazi yangu yote nilikuwa nimesema kwamba sanaa ile ilimtazama mtu kama alivyo, na uso wake na uchovu wake, lakini sikupata kuona mtazamo ule ukipokelewa upande wa pili. Machozi yalinijaa, na sikuyaficha.

Mohammed aliporudi kutoka msikitini alimkuta mama yake ameinamia picha.

"Mudi, njoo," akamwita. "Njoo uone watu wanaongoja sala."

Hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti cha mama yake, mikono nyuma. Baada ya kitambo akauliza, na alimuuliza binti yake, si mimi: "Huyu bwana wa kati ni nani?"

Thuraya akamweleza. Sauti yake ilianza ndogo. Alisema bwana yule aliwasomesha mabinti zake Kilatini na Kigiriki sawasawa na mtoto wake wa kiume, wakati watu wengi waliona ni kupoteza wakati. Alisema alikuwa miongoni mwa wahumanisti wakubwa kabisa wa Uingereza. Alisema baadaye mfalme aliwataka watu kula kiapo cha kumkubali yeye kuwa mkuu wa dini.

"Naye akala kiapo?"

"Hapana, baba. Alikataa. Akafungwa. Huyu binti wa sakafuni mwenye kitabu ndiye aliyekuwa akenda kumuona gerezani. Kisha baba yake akakatwa kichwa."

Nje magari yalipita. Mimi nilibaki na karatasi ya tundu niliyokuja nayo mkononi, siku hiyo bila ya kazi, nikiomba Mungu nisiseme neno.

"Huyu binti," Mohammed akauliza, "alisomeshwa na baba yake mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe ndiye aliyewapangia masomo. Na hata akiwa safarini akiwaandikia, akiwauliza wamefika wapi."

Sikujua wakati ule jambo nililoambiwa baadaye na Bi Asha, kwamba mke wake alipofariki, Mohammed alikataa kumpeleka Thuraya chuoni kwa mtu mwingine. Alimsomesha Kurani mwenyewe, garini, asubuhi kwenda na mchana kurudi, mpaka akahitimu. Nilichokiona ni kwamba aliitazama picha tena, na safari hii alimtazama yule msichana wa sakafuni, na mabega yake yakashuka.

"Mtihani lini?" akauliza.

Thuraya akamwambia siku. "Basi ntakupeleka mwenyewe," akasema, akaenda kuagiza kahawa nyingine.

Nilipotaka kuondoka, Bi Asha aliniomba niiache picha. "Usiku huu waache walale hapa. Wametoka mbali." Nikaiacha, na usiku ule ukawa miaka. Sikumdai. Shuleni nilimweleza Bi Zuwena kwamba nimeipoteza nakala kwa sababu za kikazi, naye akavaa miwani ya kuonea watu, akanitazama, akaagiza nyingine.

Thuraya alifaulu, akaenda, akarudi. Leo ukipanda kule kwao milimani utamkuta juu ya ngazi, abaya yake imepauka kwa udongo, akiwafundisha vijana kutazama ukuta kabla ya kuugusa. Nilikwenda kumwona mara moja. Alikuwa na karatasi yenye tundu mfukoni.

Wiki zangu za mwisho kazini, nikilisafisha hili kabati mnalolirithi, alikuja darasani amebeba kitu kipana kilichofungwa kwa kanga. Bi Asha alikuwa amefariki wakati wa Ramadhani. Tulikuwa tumeshazika na kusoma hitima, na tulishalia pamoja, kwa hiyo siku ile tulikaa tu kwenye viti vya wanafunzi.

Akanieleza kwamba bibi yake hakuitundika picha hata siku moja. Aliilaza juu ya sanduku lake, imefunikwa. Baadhi ya siku baada ya magharibi humwita mjukuu, au baba mtu kama mjukuu hayupo, amfunulie, awatazame wageni wake kidogo, kisha wafunikwe tena. Macho yalipomwishia aliendelea kufunuliwa vile vile, akitaka aelezwe.

"Huuliza, 'Bado hawajasali?'" Thuraya akasema. "Namwambia, bado, bibi. Naye husema, 'Basi tuwangoje.' Na baba naye alijifunza kujibu. Mara moja nilimsikia anamweleza glavu za yule aliyesimama, mpaka kidole kipi kimeingia."

Nikamuuliza kwa nini wanirudishie, kwa kuwa wageni wale walikuwa wao sasa.

"Aliniusia. Alisema, kawarudishe kwa mwalimu wao wakawasomeshe wengine. Wala wasende kichwa wazi."

Tukaifungua pamoja. Kanga ilikuwa ile ile ya siku ya kwanza, imelainika kwa kufuliwa, na jina lake bado lasomeka: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nililia kuliko nilivyolia mazikoni.

Sasa mnajua kwa nini droo inakwama. Ubao wa picha unaenea mle vizuri. Kanga ndiyo inayonasa ukingoni, upande wa kushoto. Msiitoe kurahisisha. Adhana ikiwakuta picha iko wazi, wafunikeni. Na mkiwafunua mbele ya wanafunzi wapya, anzeni na pembe ya kulia, kwa yule mama aliye magotini, kisha mnyamaze.